Darsa la Ramadhani, Siku ya 17: Macho ya Nabii Yaaqub



Leo tuziache kidogo hukumu za funga. Kuna jambo la vijana wetu wa chuo, na nimelichelewesha sana.

Mnaikumbuka Ramadhani ya 2020. Misikiti imefungwa, kafyu inaanza saa moja jioni, ukishafuturu huna pa kwenda. Tarehe 6 Mei Mji wa Kale hapa Mombasa ukazuiliwa kuingia na kutoka. Vyuo vilikuwa vishafungwa tangu Machi. Watoto walirudi na begi moja wakidhani ni wiki chache tu. Wakakuta chumba wanalala wanne, darasa liko kwenye simu, na bando likiisha katikati ya mtihani, basi. Baba naye kazi imesimama. Kijana ana swali asilolitoa mdomoni: nitamaliza lini, na nikimaliza kazi iko wapi?

Mmoja wao, mwaka wa tatu, aliniandikia usiku wa manane. Halali, moyo unamwenda mbio, akishika kitabu hakuna kinachoingia, na kuswali anaswali lakini hahisi kitu. Nikamjibu sentensi mbili: zidisha adhkari, huo ni wasiwasi wa shetani, muumini hakati tamaa. Hakuniandikia tena. Baada ya mwaka ndipo akaniambia kwamba usiku ule alikuwa ashaanza kuona afadhali asiwepo, na jibu langu lilimfanya aamini hata imani hana. Alhamdulillahi yu hai. Mamake ndiye aliyemshika mkono akampeleka hospitali. Ameniruhusu niliseme hili, bila jina.

Kumtajia adhkari hakukuwa kosa. Kosa ni kwamba nilimtajia ili yaishe, nirudi kulala.

Hebu tumtazame Nabii Yaaqub, alayhi salaam. Surat Yusuf yatueleza kwamba alimhuzunikia mwanawe mpaka macho yake yakawa meupe. Huyu ni nabii, mwana wa nabii, mjukuu wa nabii. Nani atasema imani yake ilikuwa ndogo? Na watu wa nyumbani kwake walifanya nini? Walimlaumu, ati hataacha kumtaja Yusuf mpaka ajiuguze au afe. Maneno hayo tunayo mpaka leo, tumebadilisha lugha tu. "Mwanangu, umezidi sasa." "Wenzako wana shida kubwa kuliko wewe na hawalii."

Wengi hulishika jawabu lake, kwamba huzuni yake humshitakia Allah peke yake, wakalifanya hoja ya kumnyamazisha mtu. Soma aya inayofuata! Palepale anawaambia wanawe waende wakamtafute Yusuf na nduguye, wala wasikate tamaa na rehema ya Allah. Anamshitakia Mola wake, na watu anawatuma njiani.

Wala haya si mambo ya kizungu, kama nisikiavyo barazani. Abu Zayd al-Balkhi, mwanachuoni wetu aliyefariki mwaka 934 Miladi, aliandika kitabu kuhusu maslahi ya miili na nafsi. Alisema nafsi huugua kama mwili unavyougua. Akatenganisha huzuni mbili: ile ambayo mwenyewe anajua sababu yake, kama kufiwa, na ile inayomshika mtu asijue imetoka wapi. Hii ya pili aliihusisha na mwili, akataka mwili nao utibiwe.

Mtu atauliza, korona ishapita, mbona leo? Kwa sababu wale vijana wako safu ya nyuma pale msikitini. Wengine washamaliza chuo na bado hawalali.

Basi ukimwona mtoto wako halali wiki mbili, futari haimpendezi, amejifungia, au anasema bora asingekuwepo, kaa naye. Muulize wazi kama anafikiria kujidhuru. Kumuuliza hakumtii wazo kichwani, humpa nafasi ya kusema. Usimwache peke yake, mpeleke hospitali. Vyuo vina washauri nasaha, na Msalaba Mwekundu wa Kenya wana namba ya bure, 1199.

Na hili nalisema kwa herufi kubwa kama ningeweza: anayetumia dawa za maradhi haya asiziache ghafla kwa ajili ya Ramadhani. Amuulize daktari wake kama zaweza kuhamishiwa futari na daku. Ikiwa haiwezekani, mgonjwa ana ruhusa ya kutofunga, na ruhusa hiyo ni ya huyu kama ilivyo ya mwenye sukari.

Usiku wa leo baada ya tarawehe nitabaki msikitini, upande wa maktaba. Kijana yeyote mwenye neno aje, hata kama ni la kukaa kimya tu. Dada zetu, ustadha atakuwa upande wa kina mama. Nitakaa mpaka karibu na daku, na simu nitaizima.

Wabillahi tawfiq.