Mashine ya Kusaga Ikikwama: Dondoo kwa Wasagaji wa Kisenyi

Kisenyi, katikati ya Kampala, mashine za kukoboa na kusaga mahindi ya posho zimebanana, na mota nyingi ni za fezi tatu, volti 415. Mota ya namna hiyo haisimami kwa kuwa mkono umeingia.

Washa kwanza, acha nyundo zishike kasi, ndipo umimine mahindi kidogo kidogo. Ukimaliza, iache izunguke tupu kabla ya kuzima.

Mlio ukizama na mkanda ukianza kunuka mpira, imekwama. Acha kumimina, zima swichi kuu, si kitufe cha mashine peke yake, kisha funga boksi la swichi kwa kufuli na ufunguo ukae mfukoni mwako. Hapa ndipo watu wanapoumia: fundi amepiga magoti, mkono uko ndani ya mashine, mwenzake anarudi dukani na kuwasha. Subiri shafti itulie kabisa, vua mkanda, fungua kifuniko, toa unga kwa kijiti au brashi. Zungusha puli kwa mkono; ikigoma, tafuta msumari au jiwe.

Mara nyingi chanzo ni mahindi mabichi. Yanayozidi unyevu wa asilimia 13.5 huziba chekeche, basi yarudishwe juani.

Usivae leso wala shati la mikono mipana karibu na mkanda, na kifuniko chake kisitolewe mashine ikiwa kazini. Vumbi la unga hushika moto: sigara ibaki nje.