Je, Nyumba Yenu Inamfaa Bibi?

Hebu fikiri kidogo. Nyumbani kwenu kuna mtu anayetembea kwa shida? Huenda ni bibi mwenye magoti yanayouma. Huenda ni babu aliyepata kiharusi, upande mmoja wa mwili ukabaki dhaifu. Huenda ni kaka aliyevunjika mguu kwa ajali ya bodaboda na sasa anatembea kwa magongo. Au ni mdogo wako mwenye ulemavu wa miguu tangu kuzaliwa.

Sasa jiulize swali la pili. Mtu huyo anashindwa kwenda chooni mwenyewe kwa sababu ya miguu yake tu, au hata nyumba inamzuia? Mara nyingi ni vyote viwili. Miguu yake wewe huwezi kuibadilisha. Lakini kizingiti kinaweza kupunguzwa, kitanda kinaweza kuinuliwa, na ukuta wa choo unaweza kuwekwa bomba la kushikia. Kazi hizi ni ndogo. Ila kabla ya kumwita fundi, lazima mtu apime na kuchunguza. Mtu huyo anaweza kuwa wewe.

KWA NINI HILI NI JAMBO LA AFYA?

Kwanza, kuanguka kunaua. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilikadiria kwamba watu 684,000 hufa kila mwaka duniani kwa sababu ya kuanguka, na kundi linalopoteza watu wengi zaidi ni la wenye umri wa zaidi ya miaka 60. Wengi wengine hawafi, lakini huvunjika nyonga au mkono, na baada ya hapo huogopa hata kusimama.

Pili, kuna madhara ambayo hayaonekani kwa macho. Bibi akijua kwamba njia ya chooni ina giza na mawe, afanyaje? Anaacha kunywa maji tangu jioni. Hamwambii mtu. Mwili ukikosa maji, choo kinakuwa kigumu, maambukizi ya njia ya mkojo yanapata nafasi, na kizunguzungu kinakuja. Mwenye kizunguzungu ni rahisi zaidi kuanguka. Yaani ile ajali aliyokuwa anaikimbia, anaisogelea. Ninyi nyumbani mnasema, "Bibi siku hizi hapendi maji." Kumbe tatizo ni choo!

Tatu, kuna heshima. Mtu mzima kubebwa na wajukuu kwenda kujisaidia ni jambo zito moyoni. Akiweza kwenda mwenyewe, hata kwa kushikilia ukuta, anabaki mtu mzima ndani ya nyumba yake.

Sasa tujifunze kupima. Tafuta daftari, kalamu na futi kamba. Fuata hatua tano.

HATUA YA 1: MUULIZE MWENYEWE

Usianze na futi kamba. Anza na mtu. Kaa naye chini, zungumza naye hivi:

- Shikamoo bibi.

- Marahaba mjukuu wangu. Umerudi salama?

- Salama bibi. Shuleni tumefundishwa kupima nyumba ili mtu atembee bila shida. Naomba unisaidie. Kwa siku nzima, ni wapi panakusumbua zaidi?

- Mh! Baba yako anasema atanijengea mteremko hapo mbele. Lakini pale mbele mimi napita mara moja kwa siku. Shida yangu ni chooni. Kuchuchumaa naweza. Kuinuka ndiyo kazi.

Umeona? Watu wa nyumbani walikuwa wanafikiria mlango wa mbele, maana ndio unaoonekana na wageni. Mwenyewe ana shida nyingine kabisa. Usipomuuliza, mtatumia saruji na pesa, na bibi ataendelea kuteseka kule kule.

HATUA YA 2: FUATA SAFARI YAKE

Mwombe ruhusa umfuate anapotoka kitandani hadi chooni na kurudi. Kwa mambo ya chooni na bafuni hakuna haja ya kumwangalia akijisaidia au akioga. Aoneshe tu akiwa amevaa nguo zake, namna anavyoingia, anavyokaa na anavyoinuka. Kama mambo haya ni ya aibu kwake kwako, amsimamie binti yake au mtu mwingine anayemchagua.

Mtu mzima mwenye nguvu awe karibu. Usimwombe ajaribu kitu ambacho siku zote hakifanyi.

Angalia anashika wapi. Alama za mikono ukutani, msumari uliopinda, bawaba iliyolegea, vyote hivyo vinakueleza mahali mwili wake unapotafuta msaada. Hapo ndipo kishikio kinapotakiwa.

Kila mahali andika alama:

0 = anafanya bila shida

1 = anafanya kwa shida, au kwa kushikilia kitu

2 = anahitaji mtu wa kumsaidia

3 = hawezi kabisa

HATUA YA 3: PIMA

Sasa chukua futi kamba. Andika vipimo vyote kwa sentimita.

Kitanda na kiti. Pima mguu wake kutoka unyayo hadi nyuma ya goti. Kisha pima kimo cha kitanda au kiti. Kwa watu wengi, vipimo hivi viwili vikilingana inakuwa rahisi kuinuka. Mwenye magoti mabovu anahitaji kiti kilicho juu kidogo zaidi, lakini nyayo zake lazima zikanyage chini vizuri. Kigoda cha jikoni, kwa mfano, kiko chini sana kwa mtu kama huyo.

Mlango. Fungua mlango wote, kisha pima nafasi inayobaki ya kupita, si upana wa mbao za fremu. Viti vingi vya magurudumu vina upana wa sentimita 60 hadi 70, na mikono inayosukuma magurudumu nayo inahitaji nafasi. Kwa hiyo mlango uwe na angalau sentimita 80 za kupita. Kiti kigeuke pande zote ndani ya chumba kinahitaji nafasi ya sentimita 150 kwa 150.

Kizingiti na ngazi. Pima kimo cha kila kipandio. Je, vinalingana? Kipandio kimoja kilicho juu kuliko wenzake huangusha hata vijana.

Mteremko. Hapa hesabu za darasani zinafanya kazi. Kwa kila sentimita 1 ya kimo, mteremko uwe na urefu wa sentimita 12. Kizingiti cha sentimita 5 kinahitaji mteremko wa sentimita 60. Veranda ya sentimita 30 inahitaji sentimita 360, yaani zaidi ya mita tatu na nusu! Mteremko mfupi uliosimama ni hatari: kiti kinaweza kupinduka kinyumenyume. Na si kila mtu anafaidika na mteremko. Wengi wanaotembea kwa miguu yao, hasa wenye fimbo, wanaona nafuu zaidi kwenye ngazi fupi zenye mahali pa kushikilia.

Kishikio. Bomba la kushikia liwe na unene wa sentimita 3 hadi 4, ili vidole viweze kulizunguka. Kati ya bomba na ukuta acha nafasi ya sentimita 4 au 5 hivi.

Je, wajua? Aliyepata kiharusi mara nyingi ana mkono mmoja tu wenye nguvu. Ukiweka kishikio upande wa kulia wa ngazi, wakati wa kuingia kitakuwa kuliani kwake. Wakati wa kutoka amegeuka, kwa hiyo kimekuwa kushotoni! Kama mkono wake wa kushoto ndio dhaifu, atashuka bila msaada. Na kushuka ndiko kunakotisha zaidi. Ndiyo maana ngazi zinatakiwa ziwe na vishikio pande zote mbili.

HATUA YA 4: CHAGUA KIPI KIANZE

Pesa haitoshi kufanya yote, si ndiyo? Basi piga hesabu. Zidisha alama uliyotoa kwa idadi ya safari za kila siku. Tuseme ulipata hivi:

Choo, kuinuka: alama 2, mara 5 kwa siku. Jumla 10.

Kizingiti cha chumba: alama 1, mara 8 kwa siku. Jumla 8.

Kitanda, kuinuka: alama 1, mara 4 kwa siku. Jumla 4.

Ngazi ya mbele: alama 2, mara 1 kwa siku. Jumla 2.

Ngazi ya mbele, iliyokuwa inazungumzwa na kila mtu, imekuwa ya mwisho. Choo kimekuwa cha kwanza, kama bibi alivyosema.

Hesabu hii ni ya kukusaidia kufikiri tu, si sheria. Mahali ambapo mtu ameshaanguka pawe pa kwanza, hata kama jumla yake ni ndogo. Halafu soma orodha yote mbele ya mwenyewe na umuulize kama anakubali.

HATUA YA 5: TENGENEZENI, KISHA JARIBUNI

Anza na yasiyo na gharama. Ondoa mawe na mizizi njiani. Ondoa mkeka unaokunjamana mlangoni. Hamisha ndoo ya maji iwe juu ya meza, asiiname. Weka taa au tochi mahali anapoweza kuifikia akiwa bado kitandani. Ndoo yenye mfuniko chumbani usiku inaweza kumwokoa na safari ya gizani. Itolewe na kuoshwa kila asubuhi.

Kisha yale ya fundi:

Choo cha kuchuchumaa. Seremala anaweza kutengeneza kiti imara chenye tundu katikati, kinachowekwa juu ya shimo. Wengine wakitaka kuchuchumaa, wanakiondoa. Kiwe na miguu mipana, kisiyumbe, na kioshwe kila siku.

Ukuta. Kwenye ukuta wa matofali, kishikio kifungwe kwa bolti, si misumari. Ukuta wa udongo hauwezi kubeba uzito wa mtu. Hapo chimbieni nguzo mbili ardhini, na mbao ya kushikilia ipite juu yake.

Mlango wa choo. Ufunguke kwa nje. Mtu akiangukia ndani, mwili wake unaweza kuuzuia mlango unaofungukia ndani, mkashindwa kumfikia.

Mlango mwembamba wa ndani. Wakati mwingine kuondoa ubao wa mlango na kutundika pazia zito kunaongeza sentimita zinazohitajika. Mkubaliane kwanza, maana faragha nayo ni haki yake.

Kitanda kifupi. Kila mguu uwekwe juu ya gogo lenye shimo la kuushika. Tofali tupu linateleza.

Mteremko wa saruji. Usilainishwe. Upigwe ufagio ungali mbichi ili uwe na mikwaruzo, na uwe na ukingo pembeni ili gurudumu lisitoke.

Mnaishi nyumba ya kupanga? Zungumzeni na mwenye nyumba kabla ya kutoboa ukuta. Kiti cha choo, magogo ya kitanda na mteremko wa mbao mtahama navyo.

Kazi ikiisha, mtu mzima mwenye nguvu avute kishikio kwa uzito wake wote kabla ya bibi kukishika. Baada ya wiki moja muulize tena bibi. Anakitumia? Kiko juu mno? Kama kishikio kimekuwa cha kuanikia taulo, kuna mahali mlikosea kupima.

TAHADHARI

Kazi yako ni kuuliza, kuangalia, kupima na kuandika. Kujenga mwachie fundi. Kwa mtu aliyepata kiharusi au kuvunjika, ulizeni hospitali kama kuna mtaalamu wa fiziotherapia au wa tibakazi, mkampelekee vipimo vyako. Vitamsaidia sana, maana nyumba yenu yeye hajaiona.

Mtu akianguka mara kwa mara au akipata kizunguzungu, apelekwe akapimwe shinikizo la damu, macho na dawa anazotumia. Uso ukipinda ghafla, mkono ukilegea au maneno yakivurugika, hicho huenda ni kiharusi. Wahini hospitali saa hiyo hiyo.

Kumbuka pia kwamba kufika na kupita ni haki. Tanzania iliridhia Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009, na Sheria ya Watu wenye Ulemavu ikatungwa mwaka 2010.

JIPIME

1. Veranda ina kimo cha sentimita 20. Mteremko wake uwe na urefu gani?

2. Kwenye uwanja mna sentimita 150 tu za kuweka mteremko huo ukinyooka. Babu anatembea kwa fimbo. Mfanye nini?

3. Kwa nini bibi anayeacha kunywa maji jioni aulizwe kuhusu choo?

4. Shuleni kwenu, mwanafunzi wa kiti cha magurudumu anaweza kuingia darasani, maktaba na chooni? Chukueni futi kamba, mpime, kisha mpelekeeni mwalimu mkuu majibu.

Majibu: (1) Sentimita 240. (2) Msijenge mteremko mkali. Muulizeni babu, huenda ngazi fupi zinazolingana, zenye vishikio pande mbili, zikamfaa zaidi. (3) Huenda anaogopa safari ya usiku, na kukosa maji kunamletea ugonjwa na kizunguzungu. (4) Majibu mnayo ninyi.