Kabla Hujadai Tagi Mpya

Una wazo la tagi mpya ya HTML na unaona limechelewa. Sawa. Ila usianze na tagi, anza na shida. Andika nani anakwama, akifanya nini, na kwa sasa anajisaidiaje. Ukianza na tagi, watu watabishania jina lake hadi usiku.

Pekua mijadala ya zamani. Huenda wazo lako lilishakataliwa, na sababu ipo.

Mhandisi wa kivinjari akikukatalia, usimwone adui. WHATWG, wanaotunza kiwango cha HTML, hutaka walau watengenezaji wawili wa vivinjari waunge mkono kitu kipya. Kikishaingia hakitoki kirahisi, na wa kukitunza ni yeye. Muulize nini hasa kinamtia wasiwasi. Rudia hoja yake kwa maneno yako mpaka akiri umemwelewa. Hapo ndipo ujibu.

Mkikwama, rudini kwa mtumiaji. Kanuni za usanifu wa HTML zinamweka yeye mbele, kisha mtengeneza tovuti, kisha mtengeneza kivinjari, kisha mwandishi wa kiwango. Unadhifu wa nadharia uko mkiani.

Mzaha nao upunguze. Mwaka 2018, jina flatten lililopendekezwa kwa amri mpya ya JavaScript liligundulika linaharibu tovuti zenye maktaba ya zamani ya MooTools. Mtu akatania: basi tuite smoosh. Wengi wakadhani ni kweli, hasira zikawaka. Mwishowe likapita flat, neno la kawaida kabisa.

Na ukishindwa raundi ya kwanza? Mwaka 2012 watengeneza tovuti walitaka tagi ya picture, ili simu isilazimike kupakua picha ya ukubwa wa kompyuta. Anayenunua bando la siku anaijua shida hiyo. Walikuwa wameifanyia kazi kwa miezi, kumbe WHATWG ikachukua srcset, sifa ya tagi ya img, wazo la upande wa watengeneza vivinjari. Waliumia, na walisema. Lakini hawakususa: waliandika mahitaji upya, moja baada ya jingine, wakaendelea kuzungumza na watu walewale. Mmoja wao akaandika mwenyewe msimbo wa picture ndani ya injini ya Chrome, wenzake wakimchangia fedha. Mwaka 2014 Chrome 38 ikatoka na picture, na ndani yake srcset.