Kifundo kinachoteguka kila mara: je, ni lazima upasuliwe?

SWALI: Daktari, mimi hukata miwa huku Awendo, na jioni hucheza mpira. Mwaka jana niliteguka kifundo cha mguu wa kulia, nikakandwa kwa maji moto, uvimbe ukaisha. Tangu hapo mguu hujipinda ovyo, hata kwenye kijishimo kidogo. Shemeji yangu wa Homa Bay anasema dawa ni upasuaji tu. Ni kweli? – Msomaji, Migori

JIBU: Shemeji ana haraka. Kilichoharibika ni ligamenti za upande wa nje, kamba zinazofunga mfupa kwa mfupa. Zilichanika, zikapona zikiwa zimelegea. (Na jeraha bichi halikandwi kwa maji moto, huvimba zaidi.)

Barua yako haitaji mazoezi ya fiziotherapia. Simama karibu na ukuta kwa mguu mmoja, ufumbe macho, kisha ubadilishe. Ukiyumba zaidi kwa mguu wa kulia, misuli yake haijafunzwa upya kukulinda, na kisu hakiifunzi. Anzia idara ya fiziotherapia ya hospitali ya rufaa ya kaunti, ufanye mazoezi miezi mitatu bila kukwepa. Wengi huishia hapo.

Kifundo kisipotulia, muone daktari wa mifupa. Upasuaji unaotangulizwa ni ule wa daktari Broström wa Sweden, wa mwaka 1966: ligamenti zako mwenyewe hukazwa na kushonwa tena kwenye mfupa. Mwaka 1980 daktari mwingine, Gould, aliuimarisha kwa kuongeza tishu za jirani. Ligamenti zikiwa zimechakaa mno, au upasuaji wa kwanza ukishindwa, hutolewa kano karibu na goti na kupitishwa kwenye matundu ya mfupa. Zamani ilitumika kano ya pembeni mwa kifundo. Mimi siipendi njia hiyo, maana kano hiyo ndiyo mlinzi wa kifundo chenyewe.

Sasa hesabu ya mkate. Baada ya upasuaji utavaa plasta au buti maalumu takriban wiki sita, na mpira husubiri kama miezi minne. Kwa mkata miwa hiyo ni mishahara iliyopotea, tena huenda ukapewa rufaa hadi Kisumu. Uliza mapema bima ya afya ya SHA italipa kiasi gani.

Ukiteguka tena ukashindwa kupiga hatua nne, au mfupa wenyewe ukauma ukibonyezwa, nenda ukapigwe eksirei siku hiyo hiyo.