Kuumba na Kufinyanga: Nafasi ya Mfinyanzi katika Lugha ya Uhakiki wa Sanaa

1.0 Utangulizi

Makala haya yanachunguza jinsi Kiswahili kinavyomtaja mfinyanzi na jinsi kinavyoweza kuihakiki kazi yake. Katika karne ya 20 ilizuka duniani aina mpya ya mfinyanzi: mtu mmoja anayebuni umbo, akalifinyanga, akalichoma, akalitia alama yake na kuliuza kwa jina lake katika jumba la maonyesho. Huyo ndiye tunayemwita hapa mfinyanzi wa studio. Mmoja wa wafinyanzi wa studio walio mashuhuri kabisa hivi leo, Magdalene Odundo, ni mzaliwa wa Nairobi. Hata hivyo, mwanafunzi wa Maswa akitakiwa kuandika insha ya Kiswahili juu ya kazi za mwanamke huyo, yamkini atakimbilia msamiati wa Kiingereza. Hoja yetu ni kwamba hana haja ya kukimbia. Msamiati anaouhitaji umo katika lugha, na sehemu yake kubwa inatokana na vyungu vyenyewe.

2.0 Udongo wa Maswa

Wilaya ya Maswa, ambayo tangu mwaka 2012 imo katika mkoa wa Simiyu na kabla ya hapo ilikuwa katika mkoa wa Shinyanga, ni nchi ya Wasukuma, ya pamba na ya mifugo. Ni pia nchi ambayo watu wake wanaujua udongo kwa majina. Kileleni pa kilima, penye miamba ya matale, upo mchanga uitwao luseni; ukiteremka unapita aina nyingine, kila moja na jina lake la Kisukuma, hata ufike bondeni kwenye udongo mweusi wa mbuga unaonata wakati wa masika na kupasuka nyufa wakati wa kiangazi. Mpangilio wa namna hii, ambapo udongo hubadilika kwa utaratibu kutoka kilimani hadi bondeni, ulielezwa kitaalamu na Geoffrey Milne mwaka 1935, alipokuwa akifanya utafiti wa udongo wa Afrika Mashariki kutoka kituo cha Amani, na istilahi aliyoitunga imeenea duniani kote. Mkulima wa Usukuma alikuwa na istilahi zake tayari.

Kwa mfinyanzi, tofauti hizi si za kitaaluma tu. Udongo wa mbuga hufura ukinyonya maji na husinyaa mno ukikauka. Chungu kilichofinyangwa kwa udongo wa aina hiyo peke yake hupasuka kabla hakijaona moto. Ndiyo maana wafinyanzi wa mahali pengi huuchanganya udongo unaonata na mchanga, au na vigae vilivyosagwa. Chembe hizo ngumu huuzuia udongo usisinyae kupita kiasi, huupa mvuke njia ya kutokea, na hukiwezesha chungu kustahimili mabadiliko ya ghafla ya joto kinapotelekwa mekoni. Kwa hiyo chungu kilichovunjika hurudi katika chungu kipya. Jambo hili ni la ufundi, lakini msomaji wa fasihi ataona mara moja kwamba lina maana zaidi ya ufundi.

Katika ufinyanzi wa asili wa sehemu nyingi za bara letu hakuna gurudumu. Chungu huinuliwa kwa mikono, kwa pingili za udongo zinazopandishwa moja juu ya nyingine au kwa kulivuta bonge la udongo kwenda juu. Kisha hukwanguliwa, hukaushwa, husuguliwa kwa kokoto laini mpaka king'ae, na huchomwa uwanjani chini ya kuni na majani makavu. Moto wa namna hiyo haufikii joto la tanuri la kisasa. Chombo kinachotoka humo hubaki na vinyweleo, na upungufu huo ni faida: maji ya mtungini hupenya kidogo kidogo hadi nje, hukauka kwa upepo, na kwa kukauka kwake huyapoza yaliyomo ndani. Ndoo ya plastiki haifanyi hivyo.

3.0 Maneno Mawili ya Kazi Moja

Nomino mfinyanzi imetokana na kitenzi finyanga kwa kanuni ile ile iliyotupatia mjenzi kutoka jenga na mlinzi kutoka linda: konsonanti ya mwisho wa mzizi hugeuka inapokutana na kiambishi tamati -i cha mtendaji. Ni kanuni kongwe, na ukongwe huo ni dalili kwamba kazi yenyewe ina umri mrefu katika lugha. Jina la chombo nalo ni la kale. Chungu na nyungu ni ndugu wa mzizi mmoja, -ungu. Chungu kina kiambishi cha ki- na nyungu iko katika ngeli ya I-/ZI-. Watanzania waliojifukiza nyungu mwaka 2020, wakati wa maradhi ya korona, walilitumia neno ambalo wengi wao walikuwa hawajalitamka kwa miaka.

Lakini Bantu ya Awali ilikuwa na kitenzi kingine cha kazi hii, ambacho wataalamu wa isimu historia hukiandika *-búmb-. Kitenzi hicho kingali hai katika maana yake ya kwanza katika lugha nyingi za bara. Mganda husema kubumba, na mfinyanzi kwake ni omubumbi. Mnyarwanda naye husema kubumba. Katika Kiswahili konsonanti ya mwanzo ilidondoka, tukabaki na umba. Kisha maana nayo ikapanda daraja. Kuumba kukawa kazi ya Mungu, ambaye ndiye Muumba, na kazi ya mwanadamu mwenye udongo mikononi ikaachiwa finyanga. Hata hivyo, asili ya neno haikupotea kabisa katika fikra za Waswahili. Kurani, katika sura ya 55, inamtaja mwanadamu kuwa ameumbwa kwa udongo mkavu mfano wa ule wa vyungu. Na Biblia, katika Yeremia sura ya 18, inampeleka nabii nyumbani kwa mfinyanzi. (Inafaa kukumbuka kwamba mfinyanzi wa Yeremia anatumia gurudumu. Wasomaji wengi wa Afrika Mashariki wamelisoma gurudumu hilo bila ya kuliona kwa mfinyanzi yeyote wa kijijini kwao.)

Kutokana na umba tumepata umbo na maumbile. Mhakiki anapozungumzia umbo la shairi au umbo la tamthilia, anatumia pasipo kujua neno lililozaliwa kwenye udongo. Ni ajabu basi kwamba neno hilo limehamia katika uhakiki wa fasihi na kustawi huko, hali chungu chenyewe hakijahakikiwa.

Kwa upande mwingine tunalo neno msanii. Sanaa imetoka katika Kiarabu, ambamo asili yake ni kazi ya mikono, ustadi wa kutengeneza kitu. Katika Kiswahili cha sasa maana hiyo imebanwa: aliye ukumbini au kwenye redio ni msanii, na aliye uani akichoma vyungu ni fundi. Lugha ya mitaani imeongeza kejeli yake kwa kuufanya usanii kuwa ulaghai. Mgawanyo wa fundi na msanii haukutoka katika maneno yenyewe. Umeletwa na mfumo wa shule na majumba ya maonyesho, na mfano wa Odundo unauonyesha waziwazi.

4.0 Kutoka Kwali hadi Farnham

Ufinyanzi wa studio kama harakati mara nyingi huhesabiwa kuanzia mwaka 1920, Bernard Leach na Mjapani Hamada Shoji walipoanzisha karakana huko St Ives, Uingereza. Mwanafunzi wa Leach, Michael Cardew, alikuja Afrika Magharibi mwaka 1942, na katika miaka ya 1950 alianzisha kituo cha mafunzo ya ufinyanzi huko Abuja, Nijeria. Hapo ndipo alipoingia Ladi Kwali, mwanamke wa Kigwari ambaye alikwisha kuwa mfinyanzi hodari kabla hajamwona Cardew. Mitungi yake ya mkono, yenye michoro ya mijusi na nyoka, ilianza kutiwa tabaka la kioo na kuchomwa katika tanuri la joto kali. Sura yake imo katika noti ya naira 20 tangu mwaka 2007.

Mabadiliko hayo yalikuwa na gharama yake. Mtungi uliotiwa kioo haupenyezi maji, na usiopenyeza maji haupozi. Ulipopata nafasi katika kabati la makumbusho ulipoteza kazi yake ya mtungi. Wako wanaoona kwamba Cardew aliukweza ufinyanzi wa Kigwari. Sisi tunaona kwamba aliuhamisha, na kuhamisha si lazima kuwe kukweza.

Odundo alizaliwa mwaka 1950, akaenda Uingereza mwaka 1971 kusomea sanaa za michoro, na huko akageukia udongo. Katika miaka ya 1974 na 1975 alikwenda Abuja. Msichana wa Kenya aliyekwenda Ulaya kutafuta elimu alijifunza kufinyanga kwa mikono kutoka kwa wanawake wa Nijeria, ambao ustadi wao haukutoka Ulaya. Baadaye alihitimu katika chuo cha Farnham na, mwaka 1982, katika Royal College of Art ya London. Mwaka 2018 alifanywa mkuu wa heshima wa University for the Creative Arts, ambayo kampasi yake mojawapo ni ile ile ya Farnham. Mwaka 2019 kazi zake zilionyeshwa katika jumba la Hepworth Wakefield. Na mwaka 2020 alitunukiwa hadhi ya Dame.

Tukitazama anavyofanya kazi, tunakutana na mambo tuliyokwisha kuyaeleza. Hatumii gurudumu. Huinua chombo kwa mikono, hukikwangua, hukipaka udongo mwembamba uliokorogwa kwa maji, hukisugua mpaka king'ae. Hakitii kioo. Kikichomwa penye hewa ya kutosha hutoka chekundu au cha rangi ya machungwa. Kikichomwa tena huku kimenyimwa hewa na kuzungukwa na moshi hutoka cheusi. Yeye hutumia tanuri la gesi, na hapo ndipo anapoachana na uwanja wa kijijini. Hatua nyingine zote mfinyanzi wa asili angezitambua bila ya kutafsiriwa.

5.0 Mdomo, Shingo, Tumbo

Wahakiki wa Ulaya wameandika mengi juu ya jinsi vyombo vya Odundo vinavyofanana na mwili wa mwanadamu, hasa mwanamke: shingo ndefu iliyoinama, tumbo lililojaa, vijiti vidogo ubavuni mfano wa uti wa mgongo. Katika maandishi yao ulinganisho huu huonekana kuwa ugunduzi. Katika Kiswahili ndio mwanzo wa mazungumzo. Chungu kina mdomo, kina shingo, kina tumbo, kina kitako. Chenye vishikio kina masikio au mikono. Hakuna anayeona kwamba anatumia sitiari anapomwonya mtoto asiushike mtungi shingoni.

Kwa hiyo mhakiki wa Kiswahili hana haja ya kuthibitisha kwamba chombo kinafanana na mwili, kwani lugha imekwisha kumthibitishia. Anaweza kuanza pale mwenzake anapoishia, aulize: chombo hiki kina mdomo, je, kinanena au kimeufumba? Tumbo lake ni la shibe au la mimba? Kwa nini kitako kimefanywa chembamba hata chombo kionekane kama kinachotaka kuinuka, ilhali kitako cha chungu cha mekoni ni cha mviringo ili kitulie juu ya mafiga matatu? Swali la mwisho ni la umbo na la matumizi kwa pamoja, na mtu yeyote aliyepika kwa kuni analielewa.

6.0 Jina na Gae

Linabaki suala la maisha ya mfinyanzi. Mnunuzi wa chungu mnadani hukigonga kwa kidole na kukisikiliza. Mlio mzima ni dhamana tosha, naye hana haja ya jina la aliyekifinyanga. Mnunuzi wa London hununua jina kwanza. Tofauti ya bei baina ya chungu cha mnadani na chombo cha Odundo, ambayo ni ya maelfu ya pauni, haielezwi na mikono wala udongo. Huelezwa na alama iliyo chini ya kitako, na zaidi ya hiyo na maandishi: orodha za maonyesho, vitabu, mapitio, tasnifu. Jina hutengenezwa kwa lugha.

Waswahili husema mfinyanzi hulia gaeni. Kwa kawaida methali hii hufasiriwa kuwa mtengenezaji wa vyombo hana chombo chake mwenyewe, hata hula kwenye kigae. Hapa hulia ni kauli ya kutendea ya la. Lakini umbo hilo hilo ni pia la kitenzi lia, kutoa machozi, na msikilizaji ana hiari ya kusikia maana zote mbili. Hatudhani kwamba aliyeitunga methali alikuwa hana habari.

Idara za Kiswahili zinaweza kufanya jambo moja kwa gharama ndogo, nalo ni kumtuma mwanafunzi anayetoka Maswa, Meatu au Bariadi arudi likizoni na daftari, aandike kwa Kisukuma na kwa Kiswahili jina la kila udongo, kila kifaa, kila hatua na kila kasoro. Na, mfinyanzi akiridhia, aandike jina lake mbele ya chombo alichokifinyanga, pamoja na mwaka. Kuna dhana zinazosubiri majibu hayo. Tabaka la kioo tumelieleza hapa kwa maneno matatu. Vigae vinavyosagwa na kurudishwa katika udongo havijapata istilahi moja katika maandishi yetu ya kitaaluma, na tunapendekeza kwamba, kabla neno halijatoholewa kutoka kwingine, waulizwe wanaovisaga.