Kuvuna Zabibu za Mvinyo kwa Wakati Wake

Mkulima wa ndizi aweza kukata mkungu ungali mbichi akauvundika, nao ukaiva nyumbani. Zabibu hazivundikwi. Kichala kikikatwa, utamu wake hukoma pale pale. Kwa hiyo kazi yote ya kupalilia, kupogoa na kunyunyiza dawa yaweza kupotea kwa kukata wiki moja kabla ya siku yake. Jambo hili lawahusu hasa wakulima wa Dodoma, ambao zabibu zao nyingi hutengenezwa mvinyo.

1. Kwa nini kiwanda kinataka sukari

Mvinyo hufanyika hamira inapokula sukari iliyomo katika maji ya zabibu na kuigeuza kuwa kileo. Gramu 17 hivi za sukari katika lita moja hutoa kileo cha asilimia 1. Basi mvinyo wa asilimia 12 wahitaji gramu 204 hivi kwa kila lita. Zabibu zisizoiva hutoa mvinyo mwepesi, wenye uchachu kama wa limau. Ndiyo maana mnunuzi mwangalifu hupima kwanza, na mzigo usio na sukari ya kutosha huweza kupunguziwa bei au kurudishwa.

2. Misimu miwili

Huko Ulaya mzabibu hulala wakati wa baridi, nao huzaa mara moja kwa mwaka. Dodoma haina baridi ya namna hiyo. Mzabibu ukipogolewa na kupata maji huchipua tena, kwa hiyo huvunwa mara mbili: karibu na mwezi wa Machi, na tena mwezi wa Agosti au Septemba.

Mavuno ya Machi hukutana na mvua. Maji mengi hupunguza utamu, na ukungu hushambulia vichala. Usikimbilie kukata kwa kuogopa ukungu. Punguza majani yanayofunika vichala ili upepo upite. Mavuno ya kiangazi huwa matamu zaidi, lakini hata hapo punguza maji ya kumwagilia katika wiki mbili za mwisho.

3. Namna ya kupima

Usitegemee rangi. Zabibu nyekundu hubadilika rangi wiki kadhaa kabla ya kuiva. Ikikaribia miezi minne tangu kupogoa, fanya hivi kila baada ya siku tatu:

(a) Chuma punje 100 kutoka shamba zima, pande zote mbili za mistari, juu, katikati na chini ya vichala. Usichague zilizo nzuri tu, maana utajidanganya mwenyewe.

(b) Pasua chache utazame mbegu. Zikiwa za kijani, bado. Zikiwa za kahawia, wakati umekaribia.

(c) Kamua zilizobaki, koroga maji yake, kisha tia tone katika kipima sukari. Kama huna, mwendee Bwana Shamba au chama chako cha ushirika. Kipimo cha 20 mpaka 22 hufaa kwa mvinyo mwingi, lakini kiulize kiwanda chako kinataka kipimo gani.

4. Siku ya kukata

Patana na mnunuzi kabla ya kukata. Zabibu zilizo mtini zaweza kungoja siku chache, zilizokatwa hazingoji.

Kata asubuhi, kwa mkasi. Tumia kreti zisizo na kina kirefu, wala si magunia, maana zabibu zikipondeka huanza kuchacha njiani. Tenga vichala vilivyooza. Weka mzigo kivulini, na uufikishe kiwandani siku ile ile.

Usinyunyize salfa karibu na mavuno; zihesabu siku zilizoandikwa kwenye kibandiko cha dawa. Salfa inayobaki juu ya zabibu huutia mvinyo harufu ya yai viza.

Wengi hukata kwa sababu jirani ameanza. Labda jirani alipogoa kabla yako, au udongo wake ni mwingine. Fuata kipimo cha shamba lako.