Namna ya Kulinganisha Chanjo za DNA na mRNA

Ukisikia kuna chanjo mpya "ya vinasaba", kabla hujaikubali wala kuikataa uliza kwanza: ni ya DNA au ya mRNA? Zote mbili hazina kirusi ndani, hai wala mfu. Zinaupa mwili maelekezo ya kutengeneza kipande cha protini ya kirusi ili kinga ikizoee mapema. Lakini maelekezo hayo hayaandikwi kwa kitu kimoja, na tofauti nyingine karibu zote zinaanzia hapo.

Swali la pili: inafanyia kazi wapi ndani ya seli? mRNA haihitaji kuingia kwenye kiini. Inasomwa nje yake, protini inatengenezwa, kisha mRNA yenyewe inavunjwavunjwa ndani ya siku chache. DNA lazima ipenye hadi ndani ya kiini, inakiliwe kuwa mRNA, nakala itoke nje, ndipo isomwe. Kwa hiyo jirani akikuuliza kama chanjo itambadilisha vinasaba, usimpe jibu moja kwa zote mbili. Ya mRNA haifiki vinasaba vilipo. Kwa ya DNA swali lake ni halali, usimcheke. Wadhibiti wa dawa nao wanataka lijibiwe, na majaribio kwa wanyama yameonyesha kwamba uwezekano wa DNA hiyo kujipachika kwenye vinasaba vya mwili ni mdogo mno.

Ugumu wa kupenya unaonekana kwenye dozi. Chukua chanjo za UVIKO-19: ya Pfizer, ambayo ni ya mRNA, kwa mtu mzima ilikuwa mikrogramu 30. ZyCoV-D ya kampuni ya Zydus Cadila, chanjo ya kwanza ya DNA kuruhusiwa kwa binadamu, iliyopata kibali cha dharura India mwezi Agosti 2021, ilitumia miligramu 2, yaani zaidi ya mara 60. Hata hivyo ilihitaji dozi 3, kila moja siku 28 baada ya iliyotangulia, na kifaa maalumu kisicho na sindano kinachoisukuma dawa kwenye ngozi kwa mgandamizo. Basi ukiambiwa chanjo ya DNA ni ya bei nafuu, uliza kama bei ya kifaa imo.

Kwenye friji DNA inashinda, tena kwa mbali. ZyCoV-D hutunzwa kwenye nyuzi 2 hadi 8, friji ya kawaida ya zahanati, na huvumilia nyuzi 25 kwa miezi mitatu. mRNA ni dhaifu, ndiyo maana hufungwa ndani ya vitone vidogo mno vya mafuta. Rwanda ilipopokea Pfizer Machi 2021 ilibidi iwe na majokofu ya karibu nyuzi 70 chini ya sifuri. Hata mkononi mwa muuguzi kichupa kile chenye kifuniko cha zambarau kilikuwa na masharti: kitiwe mililita 1.8 za maji ya chumvi, kipinduliwe taratibu mara 10, kisitikiswe, na kiishe ndani ya saa 6. Anayepanga kuchanja vijijini apime hilo kabla ya jingine lolote.

Sasa asilimia za ufanisi, ambazo ndizo hupotosha wengi. Pfizer ilitangaza 95, ZyCoV-D karibu 67, na mtu akahitimisha kwamba mRNA ni bora kwa tofauti hiyo. Haiwezekani kuhesabu hivyo. Pfizer ilipimwa mwaka 2020, kirusi aina ya Delta kikiwa bado hakijaenea. ZyCoV-D ilipimwa India mwaka 2021, Delta ikiwa imepamba moto. Angalia kila jaribio lilifanyika lini, wapi, na lilihesabu nini: kuugua tu, kulazwa, au kufa? Mimi naona kwa binadamu mRNA imethibitisha nguvu yake zaidi, lakini naitoa hoja hiyo kwenye wingi wa watu waliochanjwa na kufuatiliwa, siyo kwenye namba hizo mbili. Ufuatiliaji huohuo ndio ulioibua madhara yake, kama uvimbe wa misuli ya moyo, unaotokea kwa nadra, hasa kwa vijana wa kiume baada ya dozi ya pili.

Usiziweke AstraZeneca na Johnson & Johnson kwenye mizani hii. Zinabeba DNA, ndiyo, lakini ndani ya kirusi kilichodhoofishwa ambacho hupenya seli chenyewe, kwa hiyo ni kundi la tatu. Tanzania ilianza na Johnson & Johnson Julai 2021, na hadi leo wapo wanaosimulia kwamba siku ile walidungwa mRNA.

Chanjo ya DNA tupu, isiyobebwa na kirusi, waliotangulia kuipata ni farasi wa Marekani na samaki wa kufugwa wa Kanada, tangu 2005. Ukiambiwa imefika kwenye zahanati yenu, omba uoneshwe kichupa, usome jina.